MUTOSHI: Picha safi ya mtoto anayekimbia, na mama aliyekataa moshi

Mama alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, kisha akaisogeza mbali. Ilikuwa jioni. Kiwanja cha Mutoshi kilikuwa kimekwisha kuwa kitupu, na watoto walikuwa wakikung'uta vumbi kwenye nguo zao. Mpiga picha alisimama pembeni akingojea sifa. Mama akauliza:

"Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wako, Mama. Hapo ndipo alipofunga goli."

Mama akaangalia tena. Katika simu kulikuwa na mstari mwekundu, ndilo shati. Chini yake kulikuwa na kitu cha kahawia kama mguu. Juu, mahali pa uso, kulikuwa na ukungu tu. Akarudisha simu.

"Papa, mimi nilizaa mtoto. Sikuzaa moshi."

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mpiga picha alicheka pamoja nao, lakini neno lile lilimfuata mpaka nyumbani, na usiku hakulala vizuri.

Mama yule ni wa moja kati ya jamaa zilizofika Mutoshi si zamani. Katika jamaa hizo kuna zilizohamishwa kwa sababu mgodi ulipanuka ukafika kwenye nyumba zao. Kuna zilizokimbia vita na kutembea siku nyingi. Kila jamaa ina habari yake, lakini jambo moja linafanana: siku ya kutoka, watu wanabeba sufuria, godoro, unga na watoto. Album ya picha inabaki ukutani au chini ya kitanda. Mama huyu alibakia na picha moja tu, ile ndogo iliyo kwenye karti yake ya mchaguzi. Mtoto wake, mvulana wa miaka kumi, hakuwa na picha hata moja. Na bibi yake, aliyebaki mbali, alikuwa anauliza kila mara kwa simu: mtoto sasa anafanana na nani?

Kwa hiyo picha ile haikuwa ya kuweka kwenye simu kusudi marafiki waseme "safi sana". Ilikuwa na kazi ya kufanya, na ilishindwa.

Mutoshi iko karibu na Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 wakati Katanga ilipogawanywa. Wazee bado wanakumbuka jina la zamani la mgodi wake, Ruwe. Siku za kazi watu hapa wanazungumza juu ya shaba na kobalti: bei imepanda, bei imeshuka, nani ameruhusiwa kuchimba na nani amefukuzwa. Lakini siku ya Mungu mchana watu wanazungumza juu ya mpira. Kiwanja hakina majani, milango ya goli ni miti, na wachezaji wengi hawana viatu. Hata hivyo ndipo mahali ambapo mtoto wa mwenyeji na mtoto aliyefika jana wanaitana kwa jina.

Mpiga picha mwenyewe si mtu wa gazeti. Juma nzima anauza yuniti na kuchaji simu za watu pembeni ya barabara. Picha za mpira anapiga kwa kupenda, na watoto wanamjua. Akitokea tu, wanapiga kelele: "Yaya, tupige foto!" Wakisimama, picha zinatoka vizuri. Wakianza kukimbia, taabu inaanza.

Kesho yake asubuhi alifungua simu na kuangalia picha zake zote za miezi mitatu, moja kwa moja. Akaona kwamba ukungu wote si wa namna moja. Kulikuwa na picha ambazo kila kitu kimevutika, mtoto, mti wa goli na watu walio nyuma: hapo mkono wake ndio uliotikisika. Kulikuwa na picha ambazo mti wa goli ulisimama safi, hata nyufa za ganda lake zinahesabika, lakini mtoto amekuwa mstari: hapo mkono ulitulia, ila kamera ilikawia kufunga jicho lake. Na kulikuwa na namna ya tatu, ambapo mama mwenye kitenge aliyekaa nyuma ya kiwanja anaonekana vizuri sana na mchezaji aliye mbele hana uso: hapo kamera ilichagua mtu asiyetakiwa. Ni magonjwa matatu, na dawa ya moja haiponyeshi lingine.

Ugonjwa wa pili ndio uliomkasirisha mama. Hesabu yake ni nyepesi. Mtoto anayekimbia kwa nguvu anaweza kwenda mita 6 kwa sekunde moja. Mwanga ukiwa mdogo, simu inaacha jicho lake wazi muda mrefu zaidi kusudi picha isiwe giza, pengine sehemu moja ya 30 ya sekunde. Katika muda huo mtoto amekwisha kwenda sentimita 20, kupita upana wa uso wake. Simu imepokea uso huo ukiwa hapa na ukiwa pale, ikapaka yote pamoja. Lakini jicho likifunguka kwa sehemu moja ya 1000 ya sekunde, mtoto yule yule anasogea milimita 6 tu. Jicho la mtu halitambui, na uso unabaki uso.

Basi kwa nini simu ilikawia? Kwa sababu ya saa. Mechi za watoto zilikuwa zinaanza saa kumi, pengine saa kumi na nusu, wakati wamemaliza kuchota maji. Jua la Kolwezi linazama karibu saa kumi na mbili. Magoli mengi yanafungwa mwishoni, watu wamechoka, na mwishoni ndipo mwanga umekwisha. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa majani yanayochomwa vinakula hata ule mwanga mdogo uliobaki.

Alianza na yale yasiyo na bei. Kwanza, alifuta lenzi. Vumbi la barabara za Kolwezi linaingia kila mahali, na simu inayokaa mfukoni mwa suruali inabeba utando mwembamba ambao mtu hauoni mpaka auondoe. Kitambaa laini cha pamba kinatosha, si pindo la shati lenye mchanga. Pili, aliacha kukuza picha kwa vidole viwili. Kukuza namna hiyo hakuleti mtoto karibu, kunakata tu sehemu ya picha na kuipanua. Afadhali miguu itembee. Tatu, alijifunza kubonyeza kioo na kuweka kidole mpaka simu ikubali kushika fokasi mahali pamoja, kwa mfano kwenye mti wa goli, na kungojea mchezaji afike hapo. Nne, alijifunza kushikilia kitufe kusudi simu ipige picha nyingi mfululizo. Kati ya kumi, tisa zinafutwa, na hakuna haya katika kufuta.

Picha zikapata nafuu. Lakini bado hazikuwa picha za kumpelekea bibi aliye mbali.

Ndipo alipokwenda mjini kumwona mzee mmoja aliyepiga picha za arusi na za matanga tangu wakati wa filamu. Mzee alitazama picha, hakucheka, hakusifu. Akasema:

"Mwanangu, wewe unafukuza jambo. Ukiliona goli kwa macho, kamera imekwisha chelewa. Sisi tulikuwa na filamu ya picha 36. Ukipoteza moja, umepoteza pesa. Kwa hiyo tulijifunza kungojea."

Akampa mfano ambao mtu wa Katanga hawezi kuusahau: kipa Robert Kidiaba wa TP Mazembe. Mwezi wa Desemba 2010 huko Abu Dhabi, Mazembe iliipiga Internacional ya Brazili 2 kwa 0, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu. Fainali ilishindwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, lakini dunia nzima ilirudi nyumbani na sura moja: Kidiaba amekaa chini, anarukaruka kwa matako kwa furaha. Mzee akauliza: goli linafungwa upande gani? Upande wa adui. Na Kidiaba yuko upande gani? Upande wa pili wa kiwanja. Anayemfuata mfungaji tu anampoteza Kidiaba. Anayejua desturi yake anageuka mapema, lenzi tayari, na kumkuta anashuka chini.

"Kila mchezaji ana Kidiaba wake," mzee akasema. "Mtafute."

Tena mzee alimweleza jambo la zamani zaidi. Mwaka 1878, huko Kalifornia, Marekani, watu walibishana kama farasi anayekimbia anafika wakati ambapo miguu yake yote minne imeacha ardhi. Macho hayakuweza kuamua. Mpiga picha Eadweard Muybridge akapanga kamera nyingi pembeni ya njia, kila moja na kamba yake, na farasi alipopita akazifyatua yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine. Picha zikaonyesha kwamba ndiyo, miguu yote inaacha ardhi. Muybridge hakumfukuza farasi. Alijua njia yake, akamtangulia.

Mzee akamwazima kamera yake ya zamani yenye lenzi ndefu ya milimita 300, pamoja na maonyo. Usibadilishe lenzi kiwanjani, vumbi litaingia ndani. Weka wewe mwenyewe mwendo wa jicho, usiiachie kamera: sehemu moja ya 1000 kwa mtu anayekimbia, na mwanga ukipungua usishuke chini ya sehemu moja ya 500. Lenzi ndefu inaonyesha kila tetemeko la mkono, basi bana viwiko kwenye mbavu. Weka fokasi kwenye namna ile inayomfuata mtu anavyosogea, isiyoganda mahali pamoja. Na giza likianza, pandisha ISO bila woga. Picha itakuwa na chembechembe kama mchanga. Chembechembe mama atazisamehe. Ukungu hatausamehe.

Siku ya kwanza betri ilikufa katika dakika ya ishirini. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na yeye, mchaji wa simu za wengine, hakuwa amechaji kitu. Mchezaji mmoja mkubwa akamwambia kwa mzaha: "Yaya, kobalti imejaa chini ya miguu yako, na betri yako haina kitu!" Ni kweli kwamba Kongo inatoa kobalti nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na kobalti inaingia katika betri za simu na za kamera. Tangu siku ile alikuwa anachaji tangu Ijumaa.

Siku ya pili alijifunza juu ya mahali pa kusimama. Saa tisa ya mchana jua linaanza kuelekea magharibi. Akisimama upande wa magharibi na jua likampiga mgongoni, nyuso zinazomjia zinapata mwanga. Akisimama upande wa pili, nyuso zote ni nyeusi na vumbi linawaka kama moto. Ni nzuri kwa macho, lakini kamera inashika vumbi na kumwacha mtoto. Alijifunza pia kupiga magoti. Picha ya mtoto iliyopigwa kutoka juu inaonyesha utosi. Iliyopigwa kwa urefu wa kifua chake inaonyesha macho.

Na kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya kamera havilisemi. Upande mmoja wa kiwanja, nyuma ya wachezaji, unaonekana mgodi. Lenzi ndefu iliyoelekezwa huko inaweza kumletea mtu maswali marefu kutoka kwa walinzi, hata kama yeye alikuwa anapiga kona. Kwa hiyo alichagua upande wenye miti. Ilikuwa afadhali mara mbili: hakuna aliyemwita, na majani ya mbali yalikuwa yametulia, hivi uso wa mchezaji ulitokea mbele yake bila kuchanganyika na kitu.

Tena alianza kuuliza kabla ya kupiga. Kati ya jamaa zilizohamishwa kuna wazazi wasiotaka uso wa mtoto wao uzunguke katika simu za watu wasiowajua, na wana sababu zao. Mwingine hataki watu aliowakimbia wajue alipo. Basi mzazi akikataa, kamera inashuka. Akikubali, picha inakwenda kwake kwanza, haianzi na WhatsApp ya kundi.

Juma tatu zilipita hivyo. Kisha habari ikafika: jamaa ya yule mama inaondoka. Ndugu yao aliye Likasi amepata chumba, na wanataka watoto waanze masomo huko mwezi wa Septemba. Mechi ya siku ya Mungu itakuwa ya mwisho kwa mvulana.

Mpiga picha alikwenda kwa wakubwa wa timu zote mbili na kuomba jambo moja tu: mechi ianze saa tisa, si saa kumi. Walimshangaa. Aliwaeleza juu ya mwanga. Mmoja akasema watoto watakuwa hawajachota maji. Mama mmoja akajibu kwamba kwa siku moja maji yanaweza kuchotwa asubuhi. Wakakubali.

Katika mechi zile za nyuma alikuwa amemtafuta "Kidiaba" wa mvulana yule, na alimpata. Mtoto anacheza kushoto. Kabla ya kukimbia anavuta kaptula yake juu kwa mkono wa kuume, kila mara, kwa sababu ni ya kaka yake na ni kubwa. Mkono ukigusa kaptula, hesabu moja, mbili, na amekwisha ondoka.

Kipindi cha kwanza hakikutoa kitu. Mara moja mwamuzi alipita mbele. Mara moja fokasi ilikamata mbuzi aliyekuwa anavuka kiwanja. Mara moja mtoto alivuta kaptula na hakukimbia, alikuwa anaivuta tu. Mpiga picha hakufuata mpira. Watu walipopiga kelele upande wa pili hakugeuka. Goli moja lilifungwa na yeye hakuliona. Ni kazi ngumu kwa mtu anayependa mpira.

Kipindi cha pili kilipokaribia kwisha, mkono ukagusa kaptula. Mpiga picha alikuwa amepiga magoti, viwiko vimebana mbavu, uso wa mtoto umekaa katikati ya kioo. Akabonyeza na kushikilia. Mtoto alikimbia, akaruka kuufuata mpira kwa kichwa, akaukosa, akaanguka, akasimama. Hakukuwa na goli, na hakuna aliyepiga makofi.

Katika picha zile nyingi moja ilikuwa safi. Mtoto yuko hewani, miguu yote miwili imeacha ardhi. Mchanga umeshika shavu la kushoto. Mdomo wazi. Macho yanaangalia juu, na juu ya nyusi ya kuume kuna kovu dogo, jeupe kidogo, linaonekana mpaka mahali lilipoanza na mahali lilipokwisha.

Lakini mpira haukuwemo. Ulikuwa umepita juu ya picha. Kila mtu anayepiga picha za michezo anajua kwamba picha ya mpira bila mpira ni nusu ya picha. Alimpelekea mama kamera akiwa na aibu.

"Samahani, Mama. Mpira haukuingia."

Mama hakujibu. Alikuwa ameweka ncha ya kidole juu ya kioo, kwenye kovu.

"Hili alilipata njiani," akasema. "Usiku ule." Akanyamaza. Kisha: "Anafanana na baba yangu. Sikujua. Kila siku ninamwogesha, na sikujua."

Mpiga picha akasema tena juu ya mpira. Mama akamtazama kana kwamba hakuelewa swali.

"Mpira nitaufanyia nini?"

Kesho yake picha ilichapishwa mjini, mbili za ukubwa wa kiganja. Moja mama aliifunga katika plastiki pamoja na karti yake ya mchaguzi, na kusema kwamba hiyo haitabaki ukutani tena kama zile nyingine. Ya pili aliiweka kando, kwa bibi, siku mtu atakayepita njia ile atakapopatikana. Wakati wa kungojea, mpiga picha alituma picha hiyo kwa simu, akaituma kama hati na si kama picha ya kawaida, kusudi WhatsApp isiifinye na kuiharibu. Bibi alipiga simu usiku. Aliuliza kwa nini mtoto amekonda.

Jamaa iliondoka siku ya Nne asubuhi, juu ya lori, na magunia ya makala.

Siku ya Mungu iliyofuata mpiga picha alifika kiwanjani saa kumi, kama zamani, akakuta kipindi cha kwanza kimekwisha. Watoto walikuwa wameanza saa tisa. Mama watatu walikuwa wamekaa chini ya miti upande wa magharibi, na mmoja wao alimwita kwa mkono.

"Umechelewa," akamwambia. "Wangu ni yule mwenye namba sita. Maji tulichota asubuhi."